Mlango Uliotiwa Risasi

Mafuta ya kondoo yakiungua juu ya kitu cha moto hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya nyama, hiyo kila mtu anaijua. Ya pili huja nyuma yake, nzito, tamu kidogo, inashika kooni, na sijakutana na mtu anayeijua ila waliowahi kukaa karibu na baba yangu akiwa kazini. Juzi niliunguza mafuta jikoni kwangu hapa Chang'ombe, nikasimama na mwiko mkononi kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Harufu ya pili niliingoja, haikuja. Nje, kwenye gereji ya jirani, vijana walikuwa wanapaka pati kwenye ubavu wa teksi, ile pati ya kopo, wanaisugua kwa msasa huku redio inaimba. Nikatoka nikawauliza, "Wanangu, zamani kabla ya pati, matundu ya gari yalizibwa kwa nini?"

Mmoja akanijibu, "Shikamoo, mama. Zamani magari hayakuwa na matundu." Wenzake wakacheka.

Yalikuwa nayo. Moja lilikuwa uani kwetu, na matundu yake nayajua kama ninavyoyajua meno yangu yaliyong'oka. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mnaomkumbuka Bwana Shauri, Mzungu mtawala wa boma, na kaptura yake iliyosimama kwa wanga. Darasa la nne sikulimaliza, kwa hiyo msinidai uzuri wa maandishi. Lakini majina sijayasahau, na majina nitayataja. Aliyekufa hawezi kunishtaki, na mwongo wao mkubwa ameshakufa.

Tulikaa Nzuguni. Wakati huo Nzuguni haikuwa mtaa, yalikuwa mashamba ya uwele na vichaka vya miiba, na tembe yetu ilikuwa chini, ya udongo, ndefu, paa lake bapa ambalo mbuzi walilipanda wakidhani ni kilima. Baba yangu alikuwa fundi bati. Watu walimwita Fundi Yona. Ufundi aliupata Kongwa, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, akinyoosha magari yaliyogonga visiki. Karanga zilipokataa kuota na Wazungu walipofunga virago, alirudi nyumbani na nyundo zake, na harufu ya chuma ambayo maji hayakuiondoa. Akawa anatengeneza ndoo, vibatari na mabomba ya mvua ya maduka ya mjini.

Gari alipewa na Jivraj, Mhindi wa duka la vyuma. Baba alikuwa amemtengenezea mabomba ya paa zima, na walipofika kwenye ujira, Jivraj akamwonyesha nyuma ya duka. "Chukua hii, Yona. Kwangu iko nyumba ya kuku tu." Na kweli ilikuwa nyumba ya kuku. Gari lilifika kwetu likivutwa na maksai wa kuazima, likiyumba kama mlevi, na kuku mmoja mwekundu yumo ndani, ametaga kwenye kiti cha dereva na amekataa kushuka. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la mgongo wa kobe, lenye milango miwili. Injini ilikuwa nzima. Mwili wake ndio uliokuwa umekwisha. Ukiubonyeza mlango kwa kidole, kidole kinaingia.

Mimi niliubonyeza siku hiyo hiyo. Sikuwa mtoto wa kuambiwa usiguse.

Kilichotoka kilikuwa unga mwekundu. Nikamwuliza baba ni nini, akasema ni kutu. Nikauliza kutu inatoka wapi. "Hii si ya kwetu," akasema. "Hapa Dodoma chuma kinachakaa kwa jua na vumbi tu. Gari hili lilikaa Tanga kabla ya kuletwa Kongwa. Limelambwa na bahari."

Bahari sikuwa nimeiona. Mtoni kwetu penyewe maji hupita siku chache, kisha tunafukua mchanga kuyatafuta. Nikafikiri, kama bahari imelilamba gari, basi mate yake bado yako pale. Mchana, wakubwa wamejilaza kivulini, nikaenda nikaulamba mlango. Ukawa na ladha ya pua inayotoka damu. Nikajua basi kwamba bahari ni damu, na elimu hiyo nilikaa nayo mpaka nikawa mwanamke mzima, siku niliyofika pwani nikachota kiganjani nikaonja nikatema.

Bibi yangu, mzaa baba, mtu wa upande wa Chamwino, alikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha kugombana tu. Mengine yote aliyasema Kigogo. Alilizunguka gari akiegemea fimbo, akapitisha kidole kwenye madigadi, akakitazama kidole chake chekundu. "Limejipaka ngeu," akasema. "Linakwenda ngoma gani?" Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Alikinga kibuyu chini ya mlango, akakwangua, akachanganya ule unga na samli, akajipaka kichwani kama wasichana wa enzi zake walivyojipaka ngeu, ule udongo mwekundu. Mama alipouliza kwa nini matandiko yananuka chuma, bibi akajibu kwamba wivu ni kitu kibaya.

Nimesema nitataja majina, na hapa lazima niseme gari lilikuwa la nani, maana ndilo jambo lenyewe. Kabla ya hapo mama alikuwa amebebwa kwenye kitanda kwenda hospitali ya misheni, wanaume wanapokezana miguu ya kitanda kwenye mchanga, na mtoto alifia njiani. Baba alikuwa miongoni mwa wabebaji. Sasa mama alikuwa mjamzito tena. Siku lile gari lilipoingia uani, baba alilipiga kofi paani, likalia kama debe, akamwambia mama, "Huyu hatabebwa kwa kitanda." Mama alimtoa yule kuku kwenye kiti, akakaa yeye, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele kupitia kioo chenye ufa, ambako hakukuwa na kitu ila zizi. Mimi nikadhani mtoto anayekuja atakuwa mkubwa sana, ndiyo maana kitanda hakitamtosha.

Kazi ikaanza. Baba alifanya hivi: anakata palipooza kwa tindo na mkasi wa bati mpaka afike kwenye chuma kinacholia. Ndivyo alivyosema, chuma kizima kinalia, kilichooza kinanong'ona. Alinipa nyundo ndogo nigonge nisikilize. "Hapa?" Kinalia. "Na hapa?" Kinanong'ona. "Basi hapo tunakata." Kisha anachukua bati la pipa la mafuta, analikata kwa kipimo cha tundu, analikunja. Bati la mlango lilikuwa rahisi, karibu limenyooka. Madigadi ndiyo yalikuwa na tabu, maana yana tumbo, na bati halipati tumbo kwa kupigwa juu ya gogo. Linataka shimo la kupigiwa.

"Baba Nyemo," mama akaita siku moja, "kinu changu kiko wapi?"

"Kina kazi."

"Kazi gani?"

"Natwanga madigadi."

"Haya. Na ugali wa leo mtakula wa bati."

Lakini alitoka akaja kutazama, na mkono wake mmoja juu ya tumbo. Baba alikuwa ameliweka bati mdomoni mwa kinu, analigonga taratibu kutoka pembeni kwenda katikati, analizungusha, anagonga, na bati linazama polepole kama anayekaa kitini. Lilipotoka lilikuwa na tumbo la mviringo safi. Mama akalishika, akalipima kwenye tumbo lake mwenyewe. Likakaa sawasawa. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Nakumbuka hivyo, na sina picha nyingine ya mama akicheka.

Kiraka kilishikwa kwa misumari ya ribiti, na kati ya bati jipya na la zamani pakabaki mstari, mfereji unaopita kidole. Hapo ndipo nilipomsikia baba akimwambia mama jioni wakati wa kula, "Madigadi nimemaliza kuyapiga. Kesho mlango nautia risasi."

Nikarudisha tonge sahanini.

Nilikuwa nimemwona Bwana Nyama, Mzungu wa wanyamapori, akimpiga risasi mbwa mwenye kichaa nyuma ya machinjio. Watu walisema hana dawa. Nami nikaunganisha mambo kwa akili yangu: kutu ni ugonjwa, unakula kutoka ndani, mlango huu umeshakatwa na kushonwa na bado haujapona, sasa hauna dawa. "Kupigwa" risasi nilikujua. "Kutiwa" nikadhani ni neno la wakubwa la jambo lile lile, neno la heshima. Mlango nilikuwa naupenda. Ni ule wa upande wa abiria, upande ambao mama angekaa. Asubuhi nikawahi kuamka, nikaenda nikauegemea, nikauambia uvumilie.

Baba akaja na ile taa yake ya kupampu inayonguruma na kutoa ulimi wa moto wa buluu. Nikaziba masikio. "Nyemo, sogea." Sikusogea. Akaona machozi. "Kuna nini?"

"Usiuue, baba! Utapona!"

Hakuelewa. Nilipomweleza aliizima taa, akaketi chini vumbini, akafunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Kisha akaingiza mkono kwenye sanduku, akanipa kipande cha chuma cha kijivu, kizito kuliko kilivyostahili, laini hata ukucha wangu uliacha alama.

"Hii ndiyo risasi, mama. Risasi ni jina la chuma chenyewe. Bunduki imeliazima tu."

Halafu akanionyesha. Alipasha bati moto, akalisugua kwa dawa likang'aa, akaisogeza ile risasi kwenye moto. Haikudondoka kama nta. Ilitoka jasho kwanza, ikalegea, ikawa kama siagi ya jioni. Akachukua kibao cha mti mweusi alichokichovya kwenye mafuta ya kondoo ili kisishikane, akaipaka ile risasi kwenye mfereji, akailaza, akaivuta, na moshi ukapanda wenye harufu zile mbili. Ilipopoa akaikata kwa tupa mpaka mstari ukapotea. Alinishika mkono, akaupitisha mlangoni nimefumba macho. "Kiraka kiko wapi?" Sikukiona kwa vidole. Palikuwa na baridi kidogo mahali fulani, basi.

Matone yaliyodondoka mchangani niliyaokota. Yalikuwa mazuri, kama maziwa yaliyoganda na kung'aa. Nikamwuliza baba maswali mpaka akaomba amani: kwa nini haishiki kutu? Kwa nini ni nzito? Kabla ya bunduki kuazima jina, ilikuwa inaitwa nani? Hilo la mwisho alisema nikamwulize Mungu, nikimkuta ana nafasi.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka mkumbuke kitu kimoja. Mtoto mdogo, asiyejua kitu, alilisikia neno hilo akalielewa vibaya. Akauliza. Akajibiwa. Ikaisha.

Sasa nafika kwa Simeoni Masinga.

Simeoni alikuwa mkalimani wa boma. Kati ya Bwana Shauri na sisi sote alikuwa amesimama yeye. Kila tulichosema kilipitia mdomoni mwake kabla ya kufika, na kila kilichorudi kilipitia hapo hapo. Alikuwa na baiskeli yenye kengele, na aliipiga hata pasipo na mtu. Aliletwa kwetu na birika. Lilikuwa birika la shaba alilopewa na Mzungu aliyehama, na alilibeba mbele kwenye kikapu kama mgonjwa.

"Hodi, Fundi!"

"Karibu, Bwana Mkalimani."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Unazidi kuwa mrefu, utalima wewe." Akamkabidhi baba birika. "Nitilie risasi hapa, mdomo umeachana na tumbo. Mgeni anamiminiwa chai, goti linaungua."

Nitilie risasi. Kwa kinywa chake. Nilikuwa nimekaa juu ya kinu, karibu naye kama ulivyo wewe na karatasi hii. Baba alilitia risasi pale pale, akamwaga maji ndani, akalitikisa, halikutoa tone.

Simeoni alikuwa ameshaanza kulizunguka gari. Lilikuwa limebakiza mlango wa dereva na rangi. Akapapasa ule mlango wa mama, akautafuta mstari, hakuuona. "Hili utaniachia mimi," akasema. "Mtu wa ofisi yuko kwenye baiskeli, fundi bati yuko kwenye gari. Hiyo dunia ya wapi?"

"Gari lina mwenyewe, Bwana."

"Nani? Jivraj?"

"Bado hajazaliwa."

Mama aliinamisha uso. Bibi, aliyekuwa ameelewa nusu, alicheka kwa nusu hiyo. Simeoni naye akacheka. "Kumbe nakataliwa kwa ajili ya tumbo!" Alicheka akitazama pembeni, kwenye sanduku la baba lililokuwa wazi. "Na huo mlango mwingine?"

"Nautia risasi wiki hii, namaliza."

"Tia, Fundi," Simeoni akasema. "Tia risasi." Akapanda baiskeli, akapiga kengele, mbuzi wakamkimbia.

Siku zile habari za uasi wa Kenya zilikuwa zimewapa Wazungu usingizi wa sungura. Gobole la kuwindia swala likionekana mahali, mwenye nalo analala ndani. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni Koplo Barnaba akiingia uani mchana na askari wake, mama anatwanga kwenye kinu alichorudishiwa.

"Fundi Yona, una risasi?"

"Ninayo, Koplo," baba akasema, akainuka. "Umeleta birika?"

Barnaba hakucheka. "Iko wapi?"

Baba akamletea sanduku. Barnaba akaishika ile risasi, akaipima kwa mkono. "Na nyingine?"

"Nyingine imo mlangoni. Na kwenye madigadi. Ile pale sijaitia bado."

Askari wakatazamana. Wakachukua shoka letu la kuni na tindo la baba mwenyewe. Mpaka pigo la kwanza, baba alikuwa bado anafikiri wanataka kuona kazi yake. "Polepole," akasema, "mnaharibu! Imeshikana na bati, haitoki hiyo."

"Itatoka," Barnaba akasema.

Wakaupasua ule mlango wa mama kutoka juu mpaka chini. Wakapasua madigadi. Wakatia mikono ndani kutafuta. Walitoa manyoya ya kuku na ganda la yai. Kuku mwekundu alisimama mbali anawatazama kama mwenye nyumba. Koplo Barnaba namtaja, lakini simpi lawama yote. Alitumwa, na kwa kipimo changu aliyetumwa ana nusu.

Wakamchukua baba. Alipofika kwenye mlango wa boma letu la miiba aligeuka akaniambia, "Nyemo, mwangalie mama yako."

Siku ya kusikilizwa, mama hakuweza kutembea mpaka mjini. Nilikwenda na bibi. Ofisi ya boma ilikuwa na sakafu ya baridi na watu wa kesi wameketi chini ukutani. Bwana Shauri alikuwa kijana, na pua yake ilikuwa imeungua kwa jua, ngozi inambambuka. Mungu anisamehe, baba yangu amesimama pale bila mkanda, na mimi nilikuwa najiuliza chini ya rangi ile kuna rangi gani. Nilitamani kumgonga nisikilize kama analia au ananong'ona.

Mezani paliwekwa ile risasi ya kijivu. Bwana Shauri akasema, Simeoni akageuza: "Bwana anauliza, hii ni nini?"

"Risasi," baba akasema.

Simeoni akapeleka. Bwana Shauri akaandika.

"Bwana anauliza, umeipata wapi?"

"Kwa Jivraj, duka la vyuma."

Jivraj alikuwa ameitwa. Hakuonekana. Duka lake siku hiyo lilikuwa limefungwa, na yeye amekwenda kutazama wagonjwa Morogoro, wagonjwa ambao hakuna aliyewahi kuwasikia kabla wala baada. Huyo naye namtaja. Alikuwa na woga wake, naujua, mgeni nchini ana woga wake. Lakini angesema neno moja tu, "nilimuuzia ya kuzibia."

"Bwana anauliza, unaifanyia nini?"

"Naitia mlangoni. Naziba gari. Hata Bwana Mkalimani anajua."

Simeoni akapeleka. Tarishi wa boma, aliyekuwa na Kiingereza cha kuombea ruhusa, alitusimulia baadaye kilichofika upande wa pili: kwamba mtu huyu anayeyusha chuma na kusubu risasi za magobole, na alikuwa anazificha kwenye milango ya gari. Ule mwisho wa maneno ya baba haukufika. Ulidondoka njiani.

Mimi sikujua Kiingereza, lakini nilimwona Bwana Shauri akikunja uso mahali ambapo hapakuwa na la kukunjia uso. Nikasimama. Bibi akanivuta nguo, nikajivua mkono wake. Nikasema kwa sauti yangu yote:

"Hata birika lake lina risasi! Alileta mwenyewe! Alisema, nitilie risasi, mgeni anaungua goti!"

Watu wote waliokaa ukutani wakaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni. Baba akageuka akanitazama, na katika uso wake nikaona tumeshinda.

Bwana Shauri akainua macho. Akauliza kitu. Alikuwa anauliza mtoto amesema nini.

Simeoni akanitazama, akatazama meza, akasema maneno mafupi. Yangu yalikuwa marefu. Ya kwake yalikuwa kama matatu hivi.

Bwana Shauri akanitabasamia. Alikuwa mtu wa kwanza kunitabasamia siku hiyo, na tabasamu lake lilikuwa la kweli. Akamwambia askari kitu, askari akatoka, akarudi na kikombe cha bati kimejaa maji, akakileta mbele yangu. "Haya, mtoto," akasema. "Kunywa."

Kicheko kikakatika. Watu wa ukutani waliangalia kile kikombe, mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaelewa nilichoombewa. Wote walikuwa na kesi zao zinazosubiri kupita mdomoni mwa yule yule. Wakarudisha macho sakafuni. Nilikuwa nimetembea kutoka Nzuguni kwenye jua. Nilikuwa na kiu. Nikayanywa.

Baba akarudishwa ndani mpaka uchunguzi uishe.

Mama alishikwa na uchungu wakati baba yuko ndani bado. Majirani walileta kitanda. Walipita karibu na gari, na ule mlango wake ulikuwa umening'inia, umepasuka, na kuku ndani. Niliwafuata mpaka korongoni, wakanirudisha. Kitanda kilirudi wakati ng'ombe wanatoka kunywa, kimefunikwa kitenge. Walikuwa wawili chini ya kile kitenge. Wa pili alikuwa mdogo tu, kitanda kingemtosha.

Baba aliachiwa siku chache baadaye, bila kesi. Mzungu wa barabara aliingia ofisini kwa shida zake, akaiona ile risasi mezani, akauliza ni gari la nani linalozibwa. Ndivyo ilivyokuwa nyepesi. Wakamrudishia sanduku lake. Hakulifungua tena. Alikaa kwetu msimu mmoja, hasemi, kisha akaondoka kwenda mkongeni, upande wa Tanga, kule kutu ilikotoka, na bahari ikamlamba na yeye. Hakurudi. Bibi alinilea mpaka ile njaa ilipomchukua. Gari liliuzwa vipande. Mlango wa mama nikaufanya mlango wa banda la kuku, na ninao hapa Chang'ombe mpaka leo. Bati lake limechakaa lote, mahali pengine mkono unapita. Mistari ya risasi imesimama peke yake. Haishiki kutu.

Simeoni Masinga aliishi sana. Uhuru ulimkuta, ukampita, ukamwachia nyumba ya bati na watoto waliosoma. Alipokufa nilikwenda msibani. Walinikaribisha kama jirani wa zamani, wakanipa mkeka mzuri, na mchungaji alisema marehemu alikuwa daraja kati ya watu na watu. Nilitazama huku na huku. Sikwenda kulia mimi, nilikwenda kutafuta kitu, na nilikiona jikoni kikitoka mkononi mwa mjukuu wake: birika la shaba, limekunjamana, jeusi chini, na shingoni mwa mdomo wake mstari mwembamba wa kijivu. Msichana alipita akiwamiminia wazee. Nilitazama magoti yao. Halikuvuja tone.

Akafika kwangu, akainama kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Nikumiminie chai?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Mimi niletee maji."

Akaenda akaniletea. Safari hii nilikuwa nimeyaomba mwenyewe. Nikayashika mkononi mpaka maiti ilipotoka, kisha nikayamwaga chini, mlangoni kwake, nikaenda nyumbani.